Jinsi ya Kulinganisha Vioo vya Darubini

Darubini ya vioo ni chombo chepesi kueleweka kuliko watu wengi wanavyodhani. Ndani yake hamna mtambo wala nguvu za umeme. Mna vioo viwili tu, na ubavuni lenzi moja ya kutazamia. Hata hivyo si darubini chache za aina hii ambazo huishia kabatini, shuleni na majumbani, baada ya kutumika usiku mmoja au miwili. Mwenye chombo hukielekeza kwenye sayari ya Zohali akitaraji kuziona pete zake. Badala yake huona doa la mwanga lililovimba upande mmoja kama tone la mafuta. Huisogeza lenzi mbele na nyuma, lakini doa halikai sawa. Mwishowe hukata shauri kwamba kioo ni kibovu, au kwamba amedanganywa dukani.

Aghalabu hukumu hiyo si ya haki. Umbo la kioo cha darubini haliharibiki kwa kutikiswa njiani. Kinachoharibika ni mwelekeo wake. Safari ya basi katika barabara ya mashimo yatosha kukiinamisha kioo kwa kiasi ambacho macho hayawezi kukitambua, na hapo taswira huvurugika. Dawa yake ni kuvirudisha vioo vyote viwili katika mstari mmoja, kazi ambayo hapa itaitwa kulinganisha vioo. Kazi hii haihitaji fundi wala vyombo vya gharama. Yataka bisibisi, kifuniko cha plastiki chenye tundu, na subira ya kufuata hatua kwa utaratibu wake.

Njia ya nuru ndani ya darubini

Darubini inayozungumzwa hapa ni ya aina ile aliyoitengeneza Isaac Newton huko Uingereza mwaka 1668. Kioo cha darubini yake ya kwanza kilikuwa cha madini ya shaba na bati, na kipenyo chake hakikufika sentimita 4. Vioo vya madini vilififia upesi, ikabidi kuvitoa na kuving'arisha mara kwa mara, na kila viliporudishwa mahali pake ilibidi vilinganishwe upya. Siku hizi uso wa kioo hupakwa utando wa alumini ambao unene wake ni kama sehemu 1 katika 10,000 ya milimita. Lakini mpango wa Newton ungali ule ule.

Nuru ya nyota huingia kwa mdomo wa bomba na kuteremka hadi mwisho wake, ambako hukutana na kioo kikuu. Uso wa kioo hiki umebonyea kama sahani yenye kina kidogo sana, kwa umbo liitwalo parabola. Kazi ya umbo hilo ni kuikusanya miali yote iliyoangukia kioo na kuikutanisha katika nukta moja iitwayo fokasi. Lau mtazamaji angeweka kichwa chake penye fokasi hiyo, angeliziba bomba na kuizuia nuru. Kwa sababu hiyo Newton aliweka karibu na mdomo wa bomba kioo cha pili, kidogo na bapa, kilichoinama kwa nyuzi 45. Kioo hicho huigeuza miali na kuitoa ubavuni, kwenye kijibomba chenye lenzi ya kutazamia.

Hapa ndipo palipo kiini cha jambo lenyewe. Parabola huikutanisha miali katika nukta moja endapo tu miali hiyo imekuja sambamba na mhimili wa kioo, yaani ule mstari utokao katikati ya kioo na kwenda mbele moja kwa moja. Miali inayoingia kwa mshazari haikutani vizuri. Kila nyota huota mkia mfupi wa mwanga unaotanuka upande mmoja. Kwa hiyo pana eneo dogo tu penye fokasi ambamo taswira huwa safi kabisa. Kulinganisha vioo ni kuhakikisha kwamba eneo hilo limeangukia katikati ya lenzi ya kutazamia.

Udogo wa eneo hilo hutegemea umbo la darubini. Chukua darubini yenye kioo cha milimita 150 ambacho fokasi yake iko umbali wa milimita 1,200, yaani mara 8 ya kipenyo. Eneo lake safi ni duara la kipenyo cha milimita 11 hivi. Chukua sasa darubini nyingine yenye kioo cha milimita 150 vile vile, lakini ambayo fokasi yake iko umbali wa milimita 750, yaani mara 5 tu ya kipenyo. Eneo lake safi halizidi milimita 3, kiasi cha upana wa punje ya mchele. Ndiyo maana darubini fupi, ambazo hupendwa kwa kuwa ni rahisi kubeba, huwasumbua wanaoanza kuliko zile ndefu.

Yafaa pia kujua jinsi skrubu zilivyo na nguvu. Kioo kikiinama kwa pembe fulani, mwale unaoakisiwa hugeuka kwa pembe iliyo mara mbili ya hiyo. Katika darubini ile ya fokasi ya milimita 1,200, skrubu ya kawaida ikizungushwa robo mzunguko hukiinua kioo upande mmoja kwa milimita 0.2. Ikiwa kioo hicho kimeegemea sehemu zilizo umbali wa milimita 100 kutoka skrubu hiyo, taswira ya nyota itahama karibu milimita 5. Kiasi hicho chaweza kuitoa nyota kabisa mbele ya lenzi yenye nguvu. Ajuaye hesabu hii hatashangaa nyota inapotoweka, wala hatazungusha skrubu kwa pupa.

Vifaa vinavyohitajiwa

Kifaa cha kwanza ni kifuniko cha kuchungulia. Hutengenezwa kwa kifuniko chochote cha plastiki kinachokaa sawasawa katika kijibomba cha kutazamia, ambacho kwa darubini nyingi kina kipenyo cha milimita 31.75. Hapo zamani watu walitumia kikopo cha filamu ya kamera, maana kilienea hapo bila kulegea. Katikati ya kifuniko hutobolewa tundu la milimita 2. Faida yake ni kulilazimisha jicho likae mahali pamoja, katikati kabisa ya kijibomba. Bila hivyo, kila kichwa kinaposogea, kila kitu ndani ya darubini huonekana kimehama.

Kifaa cha pili ni alama katikati ya kioo kikuu. Darubini nyingi hutoka kiwandani zikiwa na alama hiyo. Isipokuwapo, kioo hutolewa pamoja na kitako chake, kisha hukatwa karatasi ya duara yenye kipenyo sawa na cha kioo. Karatasi hukunjwa mara mbili ili ipatikane robo ya duara, na ncha ya kona hukatwa kidogo. Ikikunjuliwa huwa na tundu katikati. Hulazwa juu ya kioo taratibu bila kuburuzwa, na katika tundu hilo hubandikwa pete ndogo ya karatasi, ya zile zinazotumika kuimarisha matundu ya karatasi za jalada. Pete hii haipunguzi nuru yoyote, kwa sababu sehemu ya katikati ya kioo daima imo katika kivuli cha kioo kidogo.

Kifaa cha tatu ni bisibisi au ufunguo unaolingana na skrubu za darubini yenyewe. Na wa nne si kifaa bali ni mwenzi. Skrubu za kioo kikuu ziko mwisho wa bomba, mbali na mahali pa kuchungulia. Mmoja akitazama na mwingine akizungusha, kazi huwa nusu.

Hatua tatu kwa utaratibu wake

Kazi hii hufanywa mchana, kivulini, darubini ikiwa imelala karibu sawa na ardhi. Kulala huko kuna sababu: bisibisi ikiponyoka mkononi itaanguka kwenye ubavu wa bomba, wala haitatumbukia juu ya kioo kikuu. Darubini ielekezwe kwenye ukuta mweupe au anga iliyo mbali na jua. Kamwe isielekezwe kwenye jua lenyewe; nuru ya jua iliyokusanywa na kioo huweza kupofusha jicho mara moja.

Mtu akichungulia katika tundu ataona duara ndani ya duara, kama viwimbi vya maji yaliyotupiwa jiwe. La nje ni ukingo wa kijibomba. Ndani yake mna ukingo wa kioo kidogo. Ndani ya kioo kidogo huonekana taswira ya kioo kikuu pamoja na vibanio vyake. Na ndani ya hiyo huonekana kivuli cha kioo kidogo chenyewe kikiwa na mikono yake myembamba ya chuma, na katikati yake kifuniko cha kuchungulia. Kulinganisha vioo ni kuyapanga maduara hayo, kuanzia la nje kwenda la ndani.

Hatua ya kwanza ni kukiweka kioo kidogo katikati ya kijibomba. Karatasi ya rangi ikiwekwa ndani ya bomba nyuma ya kioo kidogo, ukingo wake huonekana wazi. Mtazamaji huuliza jambo moja tu: je, ukingo huo ni duara, na je, uko katikati ya kijibomba? Usipokuwa katikati, skrubu ya kati inayokishikilia kioo hulegezwa au kukazwa kidogo. Skrubu hiyo haipaswi kulegezwa mpaka mwisho, maana ndiyo inayokizuia kioo kisianguke. Darubini iliyotoka kiwandani mara nyingi haihitaji kuguswa katika hatua hii.

Hatua ya pili ni kukifanya kioo kidogo kikitazame kioo kikuu sawasawa. Kioo kidogo kina skrubu tatu ndogo zinazokiinamisha. Huzungushwa kwa zamu, moja ikilegezwa nyingine ikakazwa, hadi vibanio vyote vya kioo kikuu vionekane kwa kiasi kilicho sawa. Kibanio kimoja kikiwa kimefichika, kioo kidogo kimeinama kuelekea upande usio wake.

Hatua ya tatu ni kukifanya kioo kikuu kijibu. Kioo hicho nacho kina skrubu tatu za kukiinamisha, na kwa kawaida tatu nyingine za kukifunga. Za kufungia hulegezwa kwanza. Kisha skrubu za kuinamisha huzungushwa kidogo kidogo, mwenzi akieleza aonacho, hadi tundu la kifuniko lionekane limeingia ndani ya ile pete ya karatasi. Hapo skrubu za kufungia hukazwa taratibu, na tundu hutazamwa tena, kwani kukaza nako huweza kukisogeza kioo.

Utaratibu huu haubadilishwi. Kila kioo kidogo kinapoguswa, mwelekeo wa kioo kikuu hupotea. Lakini kioo kikuu kinapoguswa, kazi ya kioo kidogo haiharibiki. Anayeanza na kioo kikuu hujikuta akirudia kazi ile ile bila mwisho, na hatimaye huziogopa skrubu zote. Jambo jingine linalowapotosha wengi ni kile kivuli cha kioo kidogo. Katika darubini fupi kivuli hicho huonekana kimesogea kidogo kuelekea kioo kikuu hata baada ya kazi yote kukamilika. Hiyo si kasoro. Yatokana na jinsi kioo kilichoinama kinavyoikata miali inayozidi kukaribiana. Anayejitahidi kukirudisha kivuli katikati huivuruga kazi iliyokwisha kuwa sawa.

Madukani zipo pia taa za leza za kufanyia kazi hii. Ni nzuri, ila nazo zaweza kuwa zimepinda. Leza huzungushwa ndani ya kijibomba: nukta yake juu ya kioo ikikaa mahali pamoja, leza ni ya kuaminiwa, nukta ikichora duara, leza yenyewe ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Na mtu asichungulie kamwe leza ikiwa inawaka.

Nyota ndiye hakimu

Mlinganisho wa mchana huthibitishwa usiku. Darubini hutolewa nje saa moja kabla, ili kioo kipoe na kulingana na hewa ya nje. Kioo chenye joto huifanya taswira ichemke. Huchaguliwa nyota yenye mwanga wa wastani iliyo juu vya kutosha, na kutumiwa lenzi yenye nguvu ya kukuza mara 150 hadi 200. Nyota huwekwa katikati kabisa, kisha lenzi husogezwa kidogo ili taswira ipoteze ukali. Nyota huvimba ikawa kisahani chenye miviringo ya mwanga na giza.

Miviringo ikiwa imepangika sawa pande zote, vioo vimelingana. Ikiwa imesongamana upande mmoja, skrubu moja ya kioo kikuu huzungushwa sehemu ya nane ya mzunguko, nyota hurudishwa katikati, na miviringo hutazamwa tena. Hali ikizidi kuwa mbaya, skrubu hiyo hurudishwa ilikotoka na nyingine hujaribiwa. Inapasa pia kutofautisha kasoro ya vioo na msukosuko wa hewa. Hewa huitikisa miviringo huku na huko bila kukoma. Vioo visivyolingana huivuta daima upande ule ule.

Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani humshauri mwanafunzi atumie Nyota ya Kaskazini, kwa kuwa haihami mahali pake. Ushauri huo haufai Afrika ya Mashariki. Karibu na ikweta nyota hiyo hugusa upeo wa macho, na kusini ya ikweta huwa imezama. Hapana nyota angavu inayosimama juu ya Dodoma wala Mbeya. Katika lenzi ya kukuza mara 200 inayoonyesha robo ya nyuzi moja ya anga, nyota za mkanda wa Orion, zilizo karibu na ikweta ya mbingu, huvuka kutoka ukingo hadi ukingo kwa dakika 1 tu. Afadhali basi kutazama kusini, ambako nyota zilizo karibu na ncha ya mbingu huenda polepole. Nyota ya kichwani mwa Msalaba wa Kusini huchukua karibu dakika 2 kuvuka nafasi ile ile. Majira mazuri ni jioni za Juni na Julai, masika yakiwa yamekwisha na anga imetakata.

Asiyependa kukimbizana na nyota aweza kujitengenezea yake. Gololi ya chuma iliyotolewa katika beringi ya baiskeli hubandikwa kwenye kigingi umbali wa mita 100, jua likiwa nyuma ya mtazamaji. Mng'ao wa jua juu ya gololi huwa nukta ndogo kama nyota, nayo haihami kwa kasi ya nyota. Kazi hii hufanywa mapema asubuhi, kabla ardhi haijapata joto na hewa haijaanza kuchezacheza.

Kipimo cha mwisho ni Alfa Sentauri, ile iliyo angavu zaidi kati ya nyota mbili zinazouelekea Msalaba wa Kusini. Kwa macho huonekana nyota moja, lakini kwa kweli ni mbili zinazozungukana kwa muda wa miaka 80 hivi. Mwaka 2016 zilionekana zimekaribiana hadi sekunde 4 za tao, na tangu hapo zimekuwa zikiachana. Kioo cha milimita 150 chaweza kutenganisha nyota zilizo umbali wa chini ya sekunde 1. Darubini inayoshindwa kuzionyesha nyota hizi mbili katika usiku mtulivu inastahili kurudishwa kwenye hatua ya kwanza.

Kazi ya wakubwa na wadogo

Mwanafunzi asidhani kwamba shida hii ni ya vyombo vidogo peke yake. Huko Sutherland, Afrika ya Kusini, iko darubini kubwa iliyofunguliwa mwaka 2005, ambayo kioo chake kimeundwa kwa vipande 91 vya pembe sita, kila kimoja na upana wa mita 1 hivi. Kando yake umejengwa mnara wenye kifaa cha kuvitazama vipande vyote na kuonyesha ni kipi kilichoinama, ili virudishwe katika umbo moja.

Darubini ya anga ya Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ilikwenda mbali zaidi. Kioo chake cha mita 6.5 kilikunjwa ndani ya roketi katika vipande 18, kikakunjuliwa safarini kuelekea mahali palipo umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ambako hakuna fundi awezaye kufika. Februari 2022 wataalamu waliielekeza kwenye nyota moja tu katika kundi la Dubu Mkubwa, iliyoandikwa katika orodha kwa namba HD 84406. Badala ya nyota moja walipata madoa 18 yaliyotawanyika, kila kipande kikitazama upande wake. Walivigeuza vipande kimoja kimoja, wakatazama, wakageuza tena. Ilipofika katikati ya Machi madoa yote yalikuwa yamekuwa nyota moja kali. Njia yao ilikuwa ile ile: nyota moja, badiliko dogo, kutazama, kisha badiliko jingine.

Mara ya kwanza kazi hii huweza kumchukua mwanafunzi saa nzima au zaidi. Baada ya kuizoea, humchukua dakika chache kila jioni, kama vile mpiga udi akazavyo nyuzi zake kabla ya kuanza kupiga. Darubini husafirishwa, hutikiswa, hupata joto na baridi. Kulegea kwake ni jambo la kawaida. Kwa hiyo shule au nyumba yenye darubini iliyowekwa kando kwa kudhaniwa mbovu haina sababu ya kuitupa kabla haijachunguliwa kwa tundu la milimita 2. Huenda kinachohitajiwa kuzirudisha pete za Zohali ni robo mzunguko wa skrubu.